Picha za Majumba ya Kiingereza na Bustani Zake: Tuziamini kwa Kiasi Gani?

Mwaka 1707 kilitoka London kitabu kikubwa cha picha kiitwacho Britannia Illustrata. Ndani yake mna picha 80, zikianza na makasri ya kifalme na kufuatiwa na majumba ya mashambani ya wakubwa wa Uingereza. Karibu zote zinaonyesha mahali kutokea juu. Unaona paa, mabomba ya moshi, ua wa mbele na gari la farasi likiingia, kisha bustani nzima: njia zilizonyooka, vidimbwi vya duara, vichaka vilivyopogolewa vikawa na umbo la koni au tufe, na safu za miti zinazoanzia ukutani na kwenda moja kwa moja hadi macho yanapokomea. Leo kazi hiyo ingefanywa na droni kabla chai haijapoa. Lakini mwaka 1707 hakuna mtu aliyekuwa amepaa. Puto la kwanza kubeba binadamu lilipanda Ufaransa mwaka 1783.

Basi aliyechora alisimama wapi? Na kama hakusimama popote, tumwamini? Swali hili si la wapenzi wa sanaa peke yao. Bustani nyingi zilizochorwa wakati ule zilifutwa baada ya miaka 50 au 60, na watu wanaotaka kujua zilivyokuwa, pengine hata kuzipanda upya, mara nyingi huanza na picha hizo kwa sababu hakuna kingine kinachoonyesha mahali pote kwa pamoja. Nazo zililipiwa na wenye nyumba. Shahidi tunaye, ila kalipwa na mwenye kesi.

Wageni waliojua kuchora kutoka juu

Aina hii ya picha haikuzaliwa Uingereza. Ililetwa na watu wa Uholanzi na Flandria (sehemu ya Ubelgiji ya leo), ambako kwa zaidi ya karne moja wachoraji walikuwa wamezoea kutengeneza ramani na kuchora miji kama aionavyo mwewe. Jan Siberechts alizaliwa Antwerp mwaka 1627, akahamia Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1670. Leonard Knyff alikuwa mzaliwa wa Haarlem, Jan Kip wa Amsterdam. Katika kitabu kile cha 1707 Knyff ndiye aliyechora na Kip ndiye aliyechonga mabamba ya shaba ya kuchapia. Walishirikiana sana, na hata kufariki walifariki mwaka mmoja, 1722.

Kilichowavuta si siri. Mwaka 1672 majeshi ya Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa yalivamia Uholanzi, na soko la picha huko likaanguka. Upande wa pili wa bahari kulikuwa na matajiri wenye ardhi, waliotoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1640 wakiwa na hamu ya kuonyesha kwamba mambo yao yametulia. Halafu mwaka 1689 William wa Orange, Mholanzi, akachukua kiti cha enzi cha Uingereza, na mapenzi yake ya bustani za mistari yakawa mapenzi ya kila aliyetaka kuonekana vizuri ikulu.

Mbinu yenyewe haikuwa na uchawi. Mchoraji alifika, akapima au akapewa vipimo. Wapimaji wa Kiingereza walikuwa na mnyororo wao wa futi 66, karibu mita 20, uliokuwa ukitumika tangu miaka ya 1620. Kwa vipimo hivyo alipata ramani bapa ya kiwanja. Akazunguka akichora jumba upande kwa upande, akapanda juu ya paa au kwenye kilima cha jirani kuona vitu vinavyopangana. Kisha, akiwa mezani kwake, aliilaza ile ramani kwa kanuni za mtazamo, vitu vya mbali vikapungua, na juu yake akasimamisha majengo na miti. Ukizikagua picha hizi kwa makini utakuta mshono: mara nyingi jumba linatazamwa kutoka kimo kimoja na bustani kutoka kimo kingine, juu zaidi. Mwenye nyumba alitaka sura ya jumba lake ionekane vizuri, madirisha yote, na wakati huohuo alitaka kila tuta la maua lihesabike. Macho ya mtu mmoja aliyesimama mahali pamoja hayawezi kuyaona yote mawili.

Kwa hiyo tunachotazama ni kipimo kilichovikwa sura ya mandhari. Hilo linaongeza uzito wa ushahidi kuliko watu wanavyodhani. Mtu aliyesimama kilimani akachora kwa kukisia angekosea umbali. Aliyeanzia kwenye mnyororo wa mpimaji alikuwa na uhakika wa umbali, hata kama aliongeza chumvi penginepo. Na chumvi ilikuwapo. Mipango iliyokuwa bado kichwani mwa tajiri ilichorwa wakati mwingine kama vile imeshajengwa, na miche ya mwaka juzi ikaonekana mirefu.

Wollaton na makaa yasiyoonekana

Mfano ninaoupenda ni picha ya Siberechts ya mwaka 1697 inayoonyesha jumba la Wollaton, karibu na Nottingham. Mchoraji alikuwa na miaka 70. Picha ni ya rangi za mafuta, ndefu kwenda juu, karibu mita 2, jambo lisilo la kawaida kwa picha ya mandhari. Urefu huo unampa nafasi ya kuweka mashamba chini, jumba katikati juu ya kilima chake, bustani yenye kuta pembeni, na juu yake nchi inayofifia hadi mawinguni.

Jumba lenyewe lilikuwa la zamani tayari. Lilijengwa kati ya 1580 na 1588 kwa ajili ya Sir Francis Willoughby, na fundi wake alikuwa Robert Smythson, yuleyule aliyefanya kazi katika jumba la Longleat. Gharama zake zilichangia kumwachia mwenyewe madeni. Baadaye moto ukaliunguza, na kwa miongo kadhaa lilikaa bila familia. Mwaka 1687 wajukuu wa ukoo, Francis na dada yake Cassandra, wakiwa bado vijana, walihamia humo na kuanza kulifufua. Francis alikufa mwaka uliofuata, mdogo wao Thomas akarithi, na ni wakati wa Thomas bustani mpya ikakamilika na Siberechts akaitwa.

Ukijua hayo, picha inaanza kuzungumza. Haisemi tu kwamba hapa ni pazuri. Inasema ukoo umerudi. Jumba lililokuwa limeachwa sasa lina gari la farasi mlangoni, bustani ya kisasa na nchi tulivu pande zote. Picha ya sura ya Thomas Willoughby ingeonyesha kijana mwenye nywele bandia. Hii inaonyesha kile kinachomfanya awe Willoughby wa Wollaton.

Kisichoonekana ni chanzo cha fedha. Wollaton ilisimama juu ya makaa ya mawe. Ukoo huo ulikuwa ukichimba na kuuza makaa kwa vizazi, na inasimuliwa kwamba hata mawe ya kujengea jumba yaliletwa kutoka Ancaster kwa kubadilishana na makaa. Mashimo, vumbi, wanaume waliokuwa wakishuka chini ya ardhi: vyote viko nje ya fremu, au vimefunikwa na kijani laini cha Siberechts. Sidhani kwamba mchoraji alidanganya. Alichagua upande wa kutazama, na aliyemlipa alifurahi. Picha hiyo sasa iko Marekani, katika kituo cha sanaa ya Uingereza cha Chuo Kikuu cha Yale.

Kwa nini mistari iliyonyooka

Msomaji aliyezoea kuona bustani kama mahali pa kivuli na maua anaweza kushangaa: raha iko wapi katika mambo haya ya rula na bikari? Bustani ya aina hii ilikuwa na sehemu zake zinazojulikana. Karibu na madirisha ya sebule kulikuwa na matuta yaliyokatwa nakshi, kingo zake zikiwa vichaka vifupi vya boksi, mmea wa majani madogo usiopukutika, na katikati ya nakshi mchanga wa rangi au changarawe. Maua yalipandwa kwa nafasi, moja hapa na jingine pale, maana tulipu moja nzuri ilikuwa kitu cha kutazamwa peke yake. Mbele yake mabwawa na maji yanayorushwa juu. Kando, njia ndefu zenye kuta za mimea iliyopogolewa. Nyuma ya kuta, bustani za mboga na matunda. Kisha safu za miti zilizovuka mipaka ya bustani na kuingia mashambani.

Kila kitu hapo kilihitaji mikono. Kichaka kikiachwa msimu mmoja umbo linapotea. Njia ya changarawe isipopaliliwa inaota majani. Kwa hiyo bustani iliyonyooka ilikuwa tangazo la idadi ya watu unaoweza kuwalipa, mwaka hadi mwaka, wafanye kazi isiyozaa chakula. Biashara nzima ilizaliwa hapo. Mwaka 1681 mtunza bustani George London na wenzake walianzisha kitalu cha Brompton Park, nje kidogo ya London ya wakati ule, katika eneo ambalo leo lina makumbusho makubwa ya South Kensington. Kitalu kiliuza miche kwa maelfu, na George London mwenyewe alizunguka nchi kwa farasi akipanga bustani za wakubwa. Ndiyo maana bustani nyingi katika mabamba ya Kip zinafanana kama ndugu. Baba yao mara nyingi ni mmoja.

Zile safu za miti zinastahili kuangaliwa zaidi kuliko maua. Pale katika jumba la Badminton, kwa Duke wa Beaufort, zilitoka jumbani kila upande kama miale na kukimbia maili nyingi. Mwandishi Roger North, aliyekuwa mgeni huko, aliandika kwamba majirani wenye vyeo walikata miti na nyua zao ili zisizibe mandhari ya Duke, na wengine wakapanda vilima vyao kwa kufuata mistari yake, kwa gharama yao wenyewe, ili kumpendeza. Soma hilo mara mbili. Mtu anapanda miti kwenye ardhi yake ili mstari wa mtu mwingine usikatike. Unapoiona Badminton kwenye bamba la Kip, mistari ikitawanyika hadi ukingo wa karatasi, unaona ramani ya nani anamwogopa nani katika wilaya ile.

Mke wa Duke huyo, Mary, hakupendezwa na mistari tu. Alikusanya mimea kutoka Rasi ya Tumaini Jema, visiwa vya Karibi na kwingineko, akaiotesha katika majumba yenye joto na kukausha mingine katika vitabu vilivyofikia juzuu 12, ambavyo baadaye vilichukuliwa na mkusanyaji Hans Sloane. Bamba la Kip linaonyesha majengo. Mimea yenyewe, iliyokuwa ya ajabu kuliko miti yote ya Duke, haionekani.

Dyrham: bustani na ofisi ya makoloni

Nikitakiwa kuchagua jumba moja la kueleza jambo hili lote, ningechukua Dyrham, kusini mwa Gloucestershire, si mbali na Bath. William Blathwayt hakuzaliwa kabaila. Alikuwa mtumishi wa serikali mwenye bidii isiyochoka na Kiholanzi kizuri, akapanda hadi kuwa waziri wa vita wa Mfalme William. Mwaka 1686 alimwoa Mary Wynter, mrithi wa Dyrham, na baada ya kifo cha mkewe akalijenga jumba upya kati ya 1692 na 1704.

Kazi yake nyingine, iliyomweka mezani kwa miaka mingi, ilikuwa kukagua mapato ya taji kutoka makoloni. Barua za magavana wa Jamaika, Barbados na Virginia zilipita mikononi mwake. Makoloni hayo yaliendeshwa kwa jasho la Waafrika waliotekwa na kuuzwa utumwani, na sukari na tumbaku vilivyotozwa kodi vilitoka mashambani mwao. Blathwayt hakuhitaji kumiliki shamba la miwa. Mfumo ulimpitia karani wake mkuu, na karani alikuwa yeye. Ngazi za jumba lake zilitengenezwa kwa mbao za thamani zilizovushwa kutoka makoloni ya Marekani. Na kati ya vitu alivyovipata kutoka kwa mjomba wake Thomas Povey, ambaye naye alikuwa mtu wa shughuli za makoloni, kuna jozi ya vinara vya mbao vilivyochongwa kwa sura ya Waafrika waliofungwa minyororo, kila mmoja amepiga magoti na kubeba kombe la baharini juu ya kichwa.

Sasa chukua bamba la Kip la Dyrham, lililotoka mwaka 1712 katika kitabu cha historia ya Gloucestershire cha Sir Robert Atkyns. Ni moja ya kazi zake nzuri. Jumba liko bondeni. Upande wa mashariki mlima unapanda, na kutoka juu yanateremka maporomoko ya maji yaliyojengwa kwa ngazi. Mwandishi wa bustani Stephen Switzer, mwaka 1718, alizitaja ngazi 224. Juu kabisa amesimama Neptune, mungu wa bahari wa Warumi, akiamuru maji yashuke. Chini kuna bwawa refu, jumba la michungwa, matuta ya nakshi. Upande wa magharibi kuna mabwawa mengine na mlima uliokatwa matuta, watu wadogo wakipita.

Je, Kip ameongopa? Kwa vitu anavyovionyesha, si sana. Neptune yupo hadi leo kwenye mteremko, jumba la michungwa lipo, kanisa lipo pale alipoliweka, na maelezo ya Switzer yanakubaliana naye. Lakini huwezi kujua kwa kulitazama bamba kwa nini mungu wa bahari anasimama kwenye mlima wa Gloucestershire, mbali na mawimbi. Ukijua mshahara wa Blathwayt ulitegemea meli zilizokuwa zikienda na kurudi Karibi, Neptune anakuwa na maana nyingine, ingawa siwezi kuapa kwamba mwenyewe aliwaza hivyo alipomwagiza.

Mwaka 2020 shirika la National Trust, linalotunza Dyrham, lilitoa ripoti iliyotaja maeneo yake 93 yenye uhusiano na ukoloni au utumwa. Kelele zilikuwa nyingi. Kuna waliosema historia inachafuliwa. Nilipokuwa nikifuatilia mjadala ule nilishangaa kwamba watu walioitetea bustani walidhani wanailinda dhidi ya siasa, ilhali bustani yenyewe na picha yake vilitengenezwa kwa ajili ya siasa tangu siku ya kwanza.

Wanaofagia

Wafanyakazi katika mabamba ya Kip ni nukta. Kuna picha chache zinazowakaribia, na bora nizijuazo ni zile nane zilizochorwa na Balthasar Nebot mwaka 1738 katika bustani ya Hartwell, Buckinghamshire, ya Sir Thomas Lee. Nebot aliteremka kutoka angani. Anasimama chini kama mgeni aliyealikwa, na kuta za kijani zinampita kichwa mara kadhaa, zimekatwa matao na nguzo kana kwamba ni mawe.

Chini ya kuta hizo kuna kazi. Mwanamume ameinama na mundu mrefu wa mikono miwili akifyeka nyasi. Wengine wanakusanya majani yaliyokatwa, na kuna rola ya kukandamiza ardhi. Kabla ya Edwin Budding kubuni mashine ya kukatia nyasi mwaka 1830, uwanja laini wa nyasi ulitengenezwa hivyo tu: mtu anaamka alfajiri, umande ukiwa bado haujakauka maana nyasi kavu hukwepa makali, anafyeka kwa mapigo ya nusu duara, wa nyuma yake anafagia, wa tatu anapitisha rola. Wiki inayofuata wanaanza tena.

Nebot hakuwachora kwa huruma, nadhani. Mabwana na mabibi wanatembea katika picha hizohizo, na wafyekaji wapo kuonyesha kwamba nyumba hii haikosi mikono. Hata hivyo wamebaki. Bustani waliyoifyeka iliondolewa miaka kama 20 tu baadaye, na picha zikaishia katika makumbusho ya mkoa huohuo.

Mfutaji

Mara nyingi lawama ya kufutwa kwa bustani hizi hutupiwa mtu mmoja, mpangaji wa bustani Lancelot Brown, aliyefanya kazi katika zaidi ya mashamba 170. Si haki kabisa. Mwaka 1713, kabla hata Brown hajazaliwa, mshairi Alexander Pope alikwisha kuwadhihaki wanaokata vichaka kwa umbo la watu na wanyama. Alitunga orodha ya mnada wa kubuni yenye Adamu na Hawa wa majani, Adamu akiwa ameumia kidogo kwa kuangukiwa na mti wa ujuzi siku ya dhoruba. Fikra zilikuwa zimeanza kugeuka. Mistari ikaanza kunuka ufalme wa Kifaransa, ilhali Mwingereza alijiona mtu huru. Pia kuna hesabu: nyasi zinazofika hadi dirishani zinaliwa na kondoo na kulungu, wanaouzika. Kichaka chenye umbo la tausi hakiuziki.

Brown alipofika alikuwa na kasi. Longleat, bustani kubwa aliyoianza George London katika miaka ya 1680 ilidumu kama miaka 75. Brown aliitwa mwaka 1757. Mwaka 1760 bibi mmoja mwandishi wa barua, Mary Delany, aliyepajua mahali hapo zamani, aliandika kwamba bustani hazipo tena: badala yake kuna uwanja wa nyasi, mto wa kujipindapinda na vilima vyenye miti. Wenyeji wa Longleat hawakuacha kubadilika hapo. Mwaka 1966 walifungua mbuga ya simba ya kupitwa kwa magari, ya kwanza ya aina yake nje ya Afrika.

Kutokana na ufutaji huo, picha zilibadilika kazi. Zilichorwa kumsifu mwenye nyumba aliye hai mbele ya wageni wake. Zikageuka kumbukumbu ya kitu kisichokuwapo.

Picha na udongo

Nafasi nzuri ya kuupima ushahidi wa picha ilipatikana katika kasri la kifalme la Hampton Court. Mfalme William alijitengenezea bustani ya faragha kando ya mto Thames, ikakamilika mwaka 1702. Hakuifaidi. Mwezi Februari mwaka huo alianguka na farasi, Machi akafariki. Knyff alilichora kasri lote na bustani zake kutoka angani kwa rangi za mafuta, na picha hiyo imo katika mkusanyiko wa kifalme hadi leo.

Brown alipewa usimamizi wa bustani za Hampton Court mwaka 1764, akaishi hapohapo. Inasimuliwa kwamba mfalme wa wakati huo alimtaka aigeuze bustani ya faragha, naye akakataa kwa heshima. Alichofanya ni kuacha kupogoa. Miti ikajiotea, vichaka vikawa msitu mdogo, na kwa karne mbili bustani ilizama chini ya kivuli chake yenyewe. Uvivu huo, kama ni uvivu, ndio ulioiokoa, maana ardhi haikusawazishwa. Wachimbaji wa mambo ya kale walipoifukua mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuta mitaro ya matuta ya zamani bado imechorwa kwenye udongo wa chini. Wakalinganisha na michoro ya wakati ule na hati za malipo, wakaweza kuirudisha bustani ya 1702. Ilifunguliwa mwaka 1995. Kwa mpangilio, wachoraji walikuwa wamesema kweli. Kwa aina za mimea, picha hazikutosha, ikabidi kusoma karatasi za wauza miche.

Bustani ya Westbury Court, kando ya mto Severn, ilileta tatizo gumu zaidi. Maynard Colchester aliianza mwaka 1696, na kitabu chake cha hesabu kimebaki, pamoja na bamba la Kip katika kitabu kilekile cha Atkyns. National Trust ilipoipokea mwaka 1967 ilikuwa imechakaa vibaya na jumba la zamani limeshabomolewa. Mfereji mrefu wa maji ulilingana na Kip. Lakini ardhini kulikuwa na mfereji wa pili, wenye umbo la herufi T, ambao Kip hakuuchora. Kosa lake? La. Aliuchimba mpwa wa Colchester, aliyerithi baada ya mwaka 1715, Kip akiwa ameshaondoka na bamba lake limeshachapwa.

Warekebishaji wangeweza kuufukia, ili bustani ifanane na picha na kila mgeni afurahie kulinganisha. Waliuacha. Wapo wanaonung'unika kwamba matokeo ni bustani ambayo haikuwahi kuonekana hivyo katika mwaka wowote mmoja. Ni kweli, na mimi ningefanya kama walivyofanya: Kip alichora Westbury ya mwanzoni mwa karne ya 18, na mfereji wa mpwa una haki yake ileile ya kuwapo, bamba au hakuna bamba.